Pesa za simu na mgeni wa Burnt Forest

Leo naweka msimbo pembeni kidogo (utarudi mbele ya safari, msiwe na wasiwasi) niseme jambo linalonikera kila nikikaa hapa kando ya barabara.

Sisi Wakenya tunapenda kujisifu kwa M-Pesa. Na tuna haki. Safaricom waliizindua Machi 2007, wakati watu wengi huku kwetu walikuwa wakituma pesa kwa bahasha kupitia dereva wa matatu na kuomba Mungu. Leo hata anayeuza mahindi ya kuchoma ana namba ya till. Wageni wanakuja na kamera kutushangaa. Lakini mgeni huyo mwenye kamera hana shida kubwa, kwa sababu ana kadi ya Visa na hoteli yake Nairobi inaipokea. Mgeni ninayemzungumzia mimi anatoka saa chache tu kutoka hapa, anazungumza Kiswahili, na anapita mbele ya dirisha langu mchana na usiku akiendesha trela.

Kwa ambao hawajapita huku: Burnt Forest ni mji mdogo wa baridi kali na viazi, katika kaunti ya Uasin Gishu, kama kilomita 35 kabla ya kufika Eldoret ukitokea Nakuru. Barabara inayoukata mji ndiyo hiyo hiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Ukikaa hapa nusu saa utaona namba za magari za nchi tatu au nne. Kwa hiyo mtu akisema "mteja wa kimataifa", mimi namwona dereva wa Kampala aliyevaa koti zito na kandambili, anayetaka chai, gunia la viazi la kupeleka nyumbani, na fundi wa matairi.

Wakati wa mvua ndefu za mwaka huu mmoja wao alipata pancha mbili kwa mpigo. Fundi akamwambia kazi yote ni shilingi 3,500 za Kenya. Pesa alikuwa nazo, tena za kutosha, lakini zilikuwa kwenye simu, kwenye mtandao wa kwao. Fundi alikuwa na till imechorwa ukutani kwa rangi ya kijani. Simu mbili, pesa mbili, na hakuna njia ya kutoka moja kwenda nyingine pale ukutani. Dereva akabonyeza bonyeza menyu yake, akakuta sehemu ya kutuma Kenya. Inatuma kwa namba ya simu ya mtu, till haimo. Namba ya fundi mwenyewe ilikuwa imefungiwa M-Pesa kwa sababu alikuwa amebadilisha laini wiki ile. Mwishowe mama mmoja mwenye hoteli akakubali kupokea kwenye simu yake, akatoa kwa wakala, akakata chake, akampa fundi taslimu. Saa mbili zilipita. Trela nalo limekaa limeegemea jeki kwenye mvua, na utingo amelala juu ya mzigo kuulinda.

Hebu fikiria ilichohitaji kazi hiyo. Dereva alilazimika kumwamini mwanamke asiyemjua, naye mama akalazimika kuamini kwamba ujumbe ulioingia si wa kitapeli. Kama angekosea tarakimu moja ya namba, pesa ingekwenda kwa mtu wa Garissa, na kuirudisha kutoka nchi nyingine ni safari yenyewe. Tunaiita hii teknolojia ya fedha, lakini hapo katikati kilichofanya kazi ni uso wa mama.

Wapo watakaosema: si angebadilisha pesa Malaba? Wanabadilisha, ndiyo. Lakini tazama hesabu. Uganda waliweka kodi kwenye pesa za simu Julai 2018, mwanzoni asilimia 1, watu wakapiga kelele, ikabaki asilimia 0.5 kwa anayetoa. Kwa hiyo dereva anatoa pesa upande wa kwao, analipa ada na kodi. Anampa mbadilishaji wa mpakani. Tuseme kiwango halisi ni shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, na mbadilishaji anamfanyia 31. Kazi ya 3,500 iliyopaswa kumgharimu 98,000 imekuwa 108,500. Zile 10,500 ni kama shilingi 375 za Kenya, chakula chake cha siku nzima barabarani. Kisha akitaka kuziweka kwenye simu ya Kenya na kulipa, kila hatua ina ada yake, na ada yenyewe ina ushuru wa bidhaa ambao Kenya iliupandisha hadi asilimia 15 Julai 2023. Na akibeba taslimu badala yake? Usiniulize kuhusu kulala kwenye trela na taslimu.

Au asajili laini ya Kenya. Inawezekana, kwa pasipoti. Lakini Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 kwamba raia wao wavuke kwa kitambulisho tu, na madereva wengi hufanya hivyo. Sasa mtu aliyeruhusiwa kuingia nchini kwa kitambulisho anafika kwa wakala wa Burnt Forest, wakala anatazama kadi ya Uganda kama anayetazama noti bandia. Wengi nimewaona wanaishia kusajiliwa kwa jina la rafiki Mkenya. Laini si yake, salio ni lake. Siku wakikosana na huyo rafiki?

Nirudi kwenye msimbo sasa, kwa sababu hapa ndipo sisi watengeneza programu tunapoingia, na tunaingia vibaya. Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kutoa namba zinazoanza na 01, tovuti nyingi za hapa nyumbani zilizikataa. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliandika sharti kwamba namba ya simu lazima ianze na 07. Alikuwa na uhakika kwamba dunia haitabadilika. Kama tuliweza kumfungia nje Mkenya mwenzetu kwa tarakimu moja, mwenye 256 atapita wapi? Hata ukitumia Daraja, ule mlango ambao Safaricom waliufungua 2017 ili programu zetu ziongee na M-Pesa, ombi la malipo linakwenda kwenye namba za 254 zenye M-Pesa basi. Fomu ya mteja wangu mmoja wa hoteli huko Eldoret ilikuwa na orodha ya nchi karibu zote za dunia kwenye sehemu ya uraia, na malipo ya aina moja. Yaani tunakuuliza kwa heshima unatoka wapi, halafu jibu halitusaidii chochote.

Upande wa pili nao naujua. Kuna programu ya malipo ya ng'ambo, sitaitaja, ambayo mteja wangu wa nje alitaka kunilipia. Nilijaza kila kitu vizuri. Ikaniomba uthibitisho wa makazi: bili yenye jina langu, jina la mtaa na namba ya nyumba. Jamani, mtaa gani? Huku tunaelekezana kwa kusema baada ya kituo cha mafuta, shuka na njia ya maziwa, uliza kwa mzee fulani. Bili ya stima inakuja kwa jina la baba. Posta yetu ina sanduku na tarakimu tano, kama vile Eldoret ilivyo 30100, na sanduku la posta programu hiyo ilikuwa imelikataza kabisa. Pesa yangu ya kazi ya mwezi mzima ilikaa imefungiwa wiki tatu. Kila barua pepe niliyotuma ilijibiwa na mtu mwenye jina tofauti na maneno yale yale. Nikakumbuka yule dereva, na hasira yangu ikapungua makali, maana hapa kwetu tunawafanyia wengine jambo lile lile, tofauti ni kwamba sisi tunawafanyia kwa Kiswahili.

Wachina walipitia hili, na ni vizuri kuwatazama kwa sababu wafanyabiashara wa Eldoret wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa wanalijua jiji hilo kuliko Kisumu. Alipay ilianza 2004 na malipo ya WeChat 2013. Miaka michache baadaye muuza ndizi wa Guangzhou alikuwa na karatasi yenye mraba wa nukta, na mgeni mwenye dola mfukoni akaonekana mshamba. Bila akaunti ya benki ya China ulikuwa nje. Novemba 2019 Alipay wakaleta njia ya wageni ya kujaza salio la muda wa siku 90, na kufikia Julai 2023 kampuni zote mbili zilikuwa zimefungua mlango mpana zaidi kwa kadi za nje kama Visa na Mastercard. Malipo ya chini ya yuan 200 hayatozwi ada, ya juu yake hutozwa asilimia 3. Machi 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kwa mgeni kikapandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000.

Angalia jambo moja hapo. Muuza ndizi hakubadilisha kitu. Karatasi yake ni ile ile. Kazi yote ilifanywa nyuma ya pazia, upande wa wenye mfumo. Hata Mkenya aliyepata kadi ya Visa ya M-Pesa, iliyozinduliwa 2022, ana kadi ya kujaribu kuiingiza kule.

Ndiyo maana siamini tena ninapoambiwa kwamba tatizo letu ni la kiufundi. Safaricom na Vodacom Tanzania waliunganisha M-Pesa zao 2015, na mwaka huo huo ukatangazwa mpango wa kuunganisha M-Pesa na pesa za simu za MTN. Waya upo. Singapore na Thailand waliunganisha mifumo yao ya malipo ya simu Aprili 2021, mtu wa Bangkok anatuma kwa namba ya simu tu. Singapore na India wakafuata Februari 2023. Hizo ni nchi ambazo hata mpaka hazipakani! Sisi tuna Malaba na Busia, tuna Jumuiya, tuna bendera ya Jumuiya, na tangu 2014 tuna mpango wa kupunguza gharama za kupiga simu kati yetu. Sauti ya dereva inavuka mpaka kwa bei nafuu. Pesa yake inavuka kwa kupitia simu ya mama wa hoteli.

Na tusisahau ilichukua muda gani hata humu ndani. M-Pesa na Airtel Money zilianza kutumiana moja kwa moja 2018, miaka 11 baada ya kuzinduliwa kwa M-Pesa, na malipo ya wafanyabiashara yakaanza kufunguliwa kwa mitandao mingine 2022. Hakuna aliyevumbua kitu kipya katika miaka hiyo. Benki Kuu ilisukuma, na mwenye soko kubwa akakubali polepole, kwa sababu mwenye soko kubwa huwa hana haraka. Simlaumu sana, ni biashara. Ila basi asitegemewe yeye kumkumbuka dereva wa Uganda bila kusukumwa.

Ninachotaka ni kidogo na kinaweza kusemwa kwa mstari mmoja: till ya Burnt Forest ipokee kutoka pochi ya simu ya nchi yoyote ya Jumuiya, bei ionekane kwa shilingi za kwenu kabla hujabonyeza ndiyo, na kiwango cha kubadilisha kiandikwe waziwazi badala ya kufichwa ndani ya ada. Kwa malipo madogo, tuseme ya tairi na chakula, kitambulisho cha taifa kitoshe. Wakubwa wa usalama watataja fedha haramu. Sawa, wekeni kikomo. Mkenya mwenyewe ana kikomo, shilingi 250,000 kwa mara moja tangu Agosti 2023, na hatujafa. Mgeni apewe hata 10,000. Anayesafisha fedha haramu hatazisafisha kwa kuziba pancha.

Wakati tunangoja, nimeanza na kilicho mikononi mwangu. Fomu ninazotengeneza sasa zinapokea namba ya simu yenye msimbo wa nchi yoyote, zinapokea jina moja au manne, na sehemu ya anwani si lazima kujazwa. Ile ya hoteli ya Eldoret nimeiongezea njia ya kuhifadhi chumba kwanza na kulipa ukifika, kwa shilingi za Kenya au za Uganda, kiwango cha siku hiyo kikionyeshwa juu. Mwenye hoteli aliniuliza nani atakagua kiwango hicho kila asubuhi. Nikamwambia mhudumu wa mapokezi, saa mbili, kabla ya chai. Ameanza kufanya hivyo tangu Jumatatu.