Motere ya PureTech: Stellantis ilipe bila kuwazungusha watu

Wenye magari ya Peugeot, Citroën na Opel huko Ufaransa na Ubelgiji wana haki ya kukasirika. Katika motere ya PureTech 1.2, mkanda unaoendesha vali unazunguka ndani ya mafuta. Ukiharibika mapema, vipande vyake vinaziba chujio la pampu, motere inakosa mafuta na inakufa. Hata breki zinaweza kuwa nzito.

Machi 2024, Stellantis ilirefusha garanti hadi miaka 10 ao kilomita 175.000, lakini kwa aliyetengeneza gari jinsi kiwanda kilivyoagiza. Hapo ndipo penye shida. Si dereva aliyeweka mkanda kwenye mafuta. Kumdai risiti za matengenezo ni kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Na kiwanda chenyewe, kwenye motere mpya ya ibridi, kimeweka mnyororo!

Na aliyenunua gari hiyo ikiwa imeshatumika, bila kijitabu cha matengenezo? Watu wa Goma na Bukavu wanajua magari ya namna hiyo. Garanti inapaswa kufuata motere, si makaratasi ya mwenyeji wa kwanza.