Wito kwa abiria wa Masereka: msiondoke bila karatasi

Ndugu wa Masereka, nanyi mnaopanda kuja kwetu kutoka Butembo na Beni,

Barabara yetu mnaijua. Mvua ikinyesha udongo wa mlimani unateleza kama sabuni, na gari lililojaa viazi, puaro na watu juu ya mizigo halisimami pale shofere anapotaka. Ajali ikitokea huwa tunafanya mambo mawili: tunabeba majeruhi mbiombio, tena tunamtafuta shofere tumpige. La kwanza tujifunze kulifanya vizuri. La pili tuliache.

Nianze na hilo la pili. Shofere anayeogopa kuuawa anakimbia. Gari likichomwa, karte roze inaungua pamoja na karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, na familia ya aliyevunjika mguu inabaki na deni la hospitali. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, mwenye gari analazimika kuwa na bima ya kulipia madhara anayowaletea wengine. Kwa miaka mingi bima hiyo iliuzwa na SONAS, shirika la bima la serikali, peke yake. Sheria ya 2015 ilifungulia mlango kampuni nyingine, kwa hiyo jina la kampuni lililo kwenye karatasi ile lisomwe na kuandikwa, lisikisiwe. Vijana wenye simu, pigeni picha za plake, za karatasi ya bima, za gari lilivyolala na za alama za matairi. Kisha mlindeni shofere mpaka polisi wa barabarani wafike. Najua wengine mtaguna. Guneni, lakini mlindeni.

Sasa majeruhi. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua kuchungulia. Anayelia shingo au mgongo asivutwe mikono, wala asibanwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni ubao, hata mlango wa nyumba, alazwe juu yake na mtu mmoja amshike kichwa kisiyumbe. Mguu uliopinda ufungwe kwenye fimbo vilevile ulivyo. Waunga mifupa wetu ninawaheshimu, ila hospitali itangulie. Na yule aliyeinuka akapangusa vumbi akasema hana kitu, mwangalieni usiku huo na kesho yake: akitapika, akisinzia kupita kawaida, akiongea ovyo, tumbo likimkaza au akikojoa damu, apelekwe hospitali hapohapo.

Mkiwa hospitali, mwombeni daktari cheti kinachoeleza majeraha yote, na kila risiti ya dawa iwekwe mahali pamoja. Mmoja wa familia aende polisi kuhakikisha PV, yaani ripoti ya polisi kuhusu ajali, imeandikwa, jina la majeruhi limo, na arudi na namba ya PV hiyo. Chukueni namba za simu za abiria wenzenu siku ileile. Baada ya juma moja kila mtu amekwisha kurudi shambani kwake. Shofere akishitakiwa, majeruhi anaweza kudai fidia ndani ya kesi hiyohiyo, lakini atadai kwa kutumia nini kama hana hata kipande cha karatasi?

Halafu kuna ile ziara ya jioni. Wazee wa upande wa shofere wanafika na pole, franga kidogo, na karatasi ya kutia sahihi. Mapatano ni desturi nzuri, na msaada wa matibabu upokeeni. Lakini karatasi iandikwe kwamba hizo ni franga za matibabu, isiandikwe kwamba mambo yamekwisha, wakati daktari mwenyewe hajajua kama mguu utapona. Mfupa unachukua miezi. Kama hamsomi Kifaransa, mwiteni mwalimu au katekista awasomee neno kwa neno kabla mtu hajashika kalamu. Mgeni mwenye nia njema atangoja.

Nanyi makonvoyeri, ombi moja. Kabla gari halijatoka parkingi, andikeni jina la kila abiria na namba ya simu ya ndugu yake mmoja, nakala moja ibaki parkingi. Aliyezimia hawezi kujitaja. Daftari la shule linatosha, na watoto wanaosafiri na mama zao waandikwe pia.