Zebaki itoke vinywani bila kungoja 2034

Novemba 2025, nchi zilizomo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mjini Geneva kwamba amalgamu, ule mchanganyiko wa rangi ya fedha unaozibia meno, ikome kutumika ifikapo 2034. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020. Sisi tunasema Unguja haina haja ya kungoja miaka yote hiyo.

Karibu nusu ya amalgamu ni zebaki. Mwenye jino lililozibwa nayo asiingiwe na hofu: likiwa zima, aliache. Kulichokonoa bila sababu ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki. Lakini tangu 2022 nchi hizo zilishakubaliana kuizuia, au walau kushauri isitumike, kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hapana budi.

Kisha kuna mabaki. Yakioshwa kwenye sinki yanafuata maji machafu, na maji machafu ya Mji Mkongwe mwisho wake ni baharini. Huko vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu inayojilimbikiza mwilini mwa samaki wakubwa kama papa na jodari. Zebaki ya meno ni sehemu ndogo ya zebaki yote iliyomo baharini, lakini kisiwa kinachokula samaki kila siku hakiwezi kuidharau hata hiyo ndogo.

Mbadala upo, tena umezaliwa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuondoa uozo wa jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba kwa saruji; inayotumika leo ni saruji ya glasi ayonoma, isiyo na zebaki. Jino linabaki na sehemu yake nzima, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kazi hiyo inaweza kufanyika Makunduchi au Nungwi, hata skuli, bila mgonjwa kupanda daladala hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini. Kwa wengi wetu, hata hivyo, tiba ya jino bado ni koleo.

Wapo wanaosema tiba salama ni ya asili peke yake. Karafuu yetu inawapa hoja nusu. Mafuta yake, kama yanayokamuliwa katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, yana eugenoli, ambayo madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kutuliza na kuziba jino kwa muda. Yanatuliza maumivu, uozo unaendelea. Anayepaka karafuu mwezi mzima akidhani amepona, siku akifika kwa daktari jino limeshapotea. Mswaki wa mti nao unasafisha vizuri ukitumiwa sawasawa, ila dawa ya meno yenye floraidi isiachwe. Na wanaowatisha watu kwamba tiba ya mzizi wa jino huleta maradhi ya mwili mzima wanafufua nadharia ya karne iliyopita ambayo utafiti umeshaikataa.

Tunaiomba Wizara ya Afya Zanzibar ifanye mambo matatu. Izuie sasa amalgamu kwa watoto na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha, katika hospitali za serikali na kliniki binafsi. Ipeleke saruji ya glasi ayonoma na mafunzo yake katika vituo vya afya vya mashamba. Iagize kila kliniki inayotoa amalgamu kinywani iyakusanye mabaki, yasiende na maji.

Na wewe mzazi, ubuyu wa sukari usiwe wa kila siku, na mtoto asilale bila kupiga mswaki. Ukipelekwa kuziba jino, muulize daktari atatumia nini. Ni haki yako kujibiwa.