Mume Anayehama Kila Msimu

Tabora imezoea wanaume wa safari. Kabla reli ya kati haijafika hapa mwaka 1912, vijana wa Kinyamwezi walijitwisha mizigo ya karibu kilo 30 na kutembea kwa miguu miezi miwili, mitatu, hadi Bagamoyo, kwa ujira na posho ya njiani. Ilikuwa kazi ya heshima, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Baadhi ya wake walifuatana na waume zao, wakibeba vyungu na kupika kambini. Wengine walibaki nyumbani na jembe, na msafara uliporudi ulikuta ghala lina chakula.

Siku hizi hapa Cheyo begi linalosubiri mlangoni lina viatu vya mpira. Timu ya Kitayosce ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuitwa Tabora United, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ulianza kupokea wachezaji kutoka kila pembe, na vijana wetu wakaanza kuota kuondoka kwenda kwingine. Mwaka 2025 timu hiyohiyo ikabadilishwa jina tena, ikawa TRA United. Ikiwa hata timu haikai na jina moja, mchezaji wake atakaa wapi?

Safu hii leo tunaielekeza kwa wake wa wachezaji, na kwa akina mama wenye watoto wa kiume wanaoacha daftari kwa ajili ya mpira. Tuseme wazi kwamba wengi wetu tunaijua kazi hii kwa sura ya mtu mmoja tu, Mbwana Samatta. Alitoka African Lyon akaenda Simba, akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2016 akafika Genk ya Ubelgiji. Machi 2020 akafunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, akiwa na Aston Villa dhidi ya Manchester City. Ni safari ya kujivunia. Lakini mama anayepanga maisha ya nyumba yake kwa kumtazama Samatta anafanana na mkulima anayepanga bajeti kwa mvua ya mwaka ule mmoja uliokuwa mzuri kupita yote.

Mchezaji wa kawaida huishi kwa mkataba wa msimu mmoja au miwili. Hupewa pesa ya usajili kwa mkupuo, halafu mshahara wa mwezi ambao mara nyingi ni mdogo kuliko majirani wanavyodhani. Dirisha la usajili la katikati ya mwaka likifika, na lile dogo la mwishoni mwa mwaka, anaweza kuongezewa mkataba, kupelekwa kwa mkopo au kuachwa. Kocha aliyempenda akifukuzwa, huenda na yeye hana chake. Goti likiumia, simu zinapungua. Hayo yote hutokea kati ya umri wa miaka 20 na 35, wakati ambapo sisi huwa tunazaa na kusomesha.

Tumtazame Juma Kaseja, golikipa, mtoto wa Kigoma, mwisho wa reli yetu. Alipita Moro United, akang'ara Simba, akaenda Yanga, akarudi Simba. Mwaka 2013 Simba haikumwongezea mkataba, akaenda Yanga tena. Baada ya hapo wengi walidhani habari yake imekwisha, maana alikuwa akizungukia Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Wenye midomo walisema ameshuka. Sisi tunasema alikuwa kazini. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, aliitwa tena Taifa Stars. Mwezi wa nane alisimama golini Nairobi, Tanzania ikaitoa Kenya kwa penalti. Mwezi uliofuata Burundi nao wakatolewa vivyo hivyo Dar es Salaam. Baadaye akaingia katika ukocha. Je, ile miaka ya Mbeya na Bukoba ilikuwa ya kushuka? Bila hiyo mikono yake isingekuwa tayari.

Tusidhani shida hii ni ya nchi maskini peke yake. Huko Kanada na Marekani kuna hoki ya barafu, mchezo ambao wanaume huteleza kwa viatu vyenye vyuma wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Ligi yao kuu huitwa NHL. Huko alikuwepo John Scott, jitu la miraba minne, aliyechezea timu saba za ligi hiyo. Katika michezo 286 alifunga mabao 5 tu, maana kazi yake ilikuwa kuwalinda wenzake kwa ngumi. (Ndiyo, ngumi. Kila nchi na mambo yake.) Mwishoni mwa 2015 mashabiki walianza kumpigia kura kwa mzaha awe nahodha katika mchezo wa nyota wa ligi. Wakubwa hawakupendezwa. Januari 2016 timu yake ya Arizona, kwenye jangwa, ikamtoa kwa Montreal, na Montreal ikamtupa mara moja kwenye timu ya daraja la chini huko St. John's, katika kisiwa cha baridi upande wa pili kabisa wa bara.

Nyumbani alikuwa na mabinti wawili wadogo, na mkewe alikuwa mjamzito wa mapacha, siku zimekaribia. Mama mwenzetu, hebu simama hapo kidogo. Mume anapigiwa simu, na nyumba nzima inageuzwa juu chini kwa uamuzi wa watu ambao hawajawahi kumwona mkeo wala mimba yake. Habari iliishia vizuri, kwani mashabiki walishikilia, Scott akaruhusiwa kucheza, tarehe 31 Januari akafunga mabao mawili na kuchaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Wiki iliyofuata mapacha wakazaliwa. Sisi lakini kinachotukaa moyoni si kikombe, ni yule mama na tumbo lake. Tena mumewe alikuwa na shahada ya uhandisi, aliyoisomea huku akicheza. Mwaka huohuo akastaafu, na alikuwa na kitu kingine mkononi.

Basi turudi Cheyo. Je, mke amfuate mume kila anakosajiliwa? Wengine husema mke hakai mbali na mumewe. Mawazo yetu ni kwamba watoto wakiwa bado hawajaanza shule, mfuate, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Upweke wa mji mgeni umewaharibu vijana wengi kuliko majeraha. Mtoto akishafika darasa la kwanza, nyumba iwe moja, mahali pamoja, na baba ndiye arudi. Mtoto anayebadilisha shule kila dirisha la usajili hajui kama mwalimu wa mwaka huu atamwona mwakani.

Pesa ya usajili isifanywe ya matumizi. Mshahara, hata ukiwa mdogo, ndio wa unga na mafuta. Ule mkupuo ni wa kiwanja, tofali na bati, tena karatasi za kiwanja ziandikwe majina yenu wote wawili. Ndugu watakuja, maana jina limesikika redioni. Wapeni chai.

Na mkataba uusome mwenyewe. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji ambaye klabu imeshindwa kumlipa mishahara ya miezi 2 anaweza kuiandikia, kuipa siku 15, na isipolipa kuvunja mkataba kwa haki. Simon Msuva alipodai malipo yake kwa Wydad ya Morocco, FIFA ilimpa haki mwaka 2022. Lakini anayedai lazima awe na karatasi, na wanaume wengi hawana hata nakala.

Kwa mama mwenye kijana, kanuni hizohizo zinakataza asiyefikisha miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa shughuli zao. Akija mtu amevaa vizuri, anataka pesa ya pasi na tiketi ili mwanao wa miaka 15 akafanye majaribio Ulaya, usiuze ng'ombe. Muulize leseni yake, jina la klabu na barua ya mwaliko, kisha upeleke vyote kwenye ofisi ya chama cha mpira cha mkoa kabla hujatoa hata shilingi.

Nakala ya mkataba ikae kwenye kasha lako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Tarehe ya mwisho wa mkataba iandike kwenye kalenda ya ukutani, na miezi mitatu kabla yake anzeni kuzungumza, wakati mshahara bado unaingia.