Kelele za uwanjani: kila taifa na lugha yake

Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026 yalituachia somo ambalo wachambuzi wengi wa soka wamelipita pembeni. Shabiki aliyezungumziwa kuliko wote hakupiga kelele hata kidogo. Ni Mkongomani ajulikanaye kwa jina la Lumumba Vea, ambaye katika mechi za timu yake alisimama wima bila kutikisika, mkono mmoja juu, akiiga sanamu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo aliyeuawa Januari 17, 1961. Wenzake waliomzunguka waliimba na kucheza.

Algeria ilipowatoa Wakongomani kwa bao 1-0 katika muda wa nyongeza, mchezaji mmoja wa Algeria alimwiga shabiki huyo kwa mzaha. Baada ya malalamiko kuzagaa aliomba radhi, akieleza kwamba hakujua maana ya ishara ile. Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka tulitazame. Tunadhani kelele za uwanjani ni kelele tu, na ukimya ni ukimya tu. Sivyo. Kila watu wana lugha yao ya kushangilia, na asiyeijua huitafsiri kwa kamusi ya kwao.

Mfano mkubwa ni vuvuzela. Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini mwaka 2010, watazamaji wa Ulaya walilalamika hadi wataalamu wa televisheni wakatafuta namna ya kuchuja mlio ule. Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA wakati huo, aliitetea kuwa ni sehemu ya Afrika. Septemba mwaka huohuo UEFA ikaipiga marufuku katika mashindano yake. Kwa Mwingereza, sauti ya jukwaa hupanda na kushuka kufuata mpira: wimbo, mguno, kimya, kisha mlipuko. Vuvuzela ina noti moja, tena haipumziki. Yeye alisikia ukuta uliofunika mchezo, wakati mwenyeji alisikia sherehe.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo. Lakini kelele hubadili hata matokeo. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti kuhusu waamuzi 40 walioonyeshwa matukio ya mechi moja katika video, wengine wakisikia sauti ya mashabiki, wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji makosa machache zaidi, pungufu kwa asilimia 15 hivi. Ikiwa mwamuzi aliyesomea kazi yake huyumbishwa na sauti, sembuse shabiki wa kawaida?

Sasa turudi kwetu. Mimi nilisomea Mishamo, katika makazi ya wakimbizi ya Tanzania, na leo nafundisha Burundi. Nimekaa katika majukwaa ya pande zote mbili. Mtanzania huja uwanjani na matarumbeta, ngoma na tambo. Mashabiki wa Simba na Yanga hujiita watani wa jadi, na utani huo una kanuni zake: nitakukejeli juma zima, nitakutungia wimbo, na ukifiwa nitakuwa wa kwanza kufika msibani. Kejeli ni alama ya ukaribu.

Burundi dhihaka haisikiki hivyo. Tunapiga makofi kwa pamoja, kina mama hupiga impundu, yaani vigelegele. Wimbo wa kumkejeli mpinzani hadharani humkera msikilizaji haraka, na sababu yake inaeleweka. Katika nchi hii maneno ya dharau yaliwahi kutangulia damu. Kijana aliyekulia Kigoma anapoanza tambo zake jukwaani Bujumbura, jirani yake hasikii utani. Anasikia mtu wa kuja asiye na adabu. Nimewasikia wanafunzi wangu wakiambiwa warudi walikotoka kwa sababu ya wimbo wa mpira.

Na ngoma je? Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais iliwazuia wanawake kuipiga, ikataka vikundi viandikishwe, na kuweka ada ya faranga 500,000 kwa shughuli zisizo rasmi. Ndiyo maana Mtanzania anayebeba ngoma begani kwenda mpirani haelewi kwa nini kwetu chombo hicho kinaguswa kwa heshima na hadhari.

Tofauti hizi hazikuzuia kukutana. Septemba 2019 Burundi na Tanzania zilitoka sare 1-1 Bujumbura, kisha 1-1 Dar es Salaam, na Tanzania ikapita kwa penalti. Novemba 2023 Burundi ililazimika kuipokea Gabon Dar es Salaam, ikafungwa 2-1. Kwa sisi tuliorudi, timu ya taifa kuwa mwenyeji ugenini ni jambo linalotugusa. Timu iliyo mbali na nyumbani huhitaji sauti ya jirani, na jirani hawezi kuitoa ikiwa tumekwisha kumwita mkorofi.

Nashauri mambo mawili. Kwanza, waandaaji wa mechi za mipakani watenge jukwaa la wageni na kuwaruhusu washangilie kwa vyombo vyao, ilimradi hawatukani. Pili, sisi walimu tuwaeleze vijana tofauti ya utani na tusi kabla ya siku ya mechi, si baada ya ngumi.

Wafanyabiashara wa Manyovu na Kobero wanaijua kazi hii tayari. Kila siku husikia mnunuzi akipaza sauti juu ya bei, na hutambua kama anagombana au anapatana. Mashabiki nao wanaweza kujifunza kusikia hivyo.