Mambo ya Nyumbani: Mbele ya kununua lektere ya disketi



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini feza za sanduku letu zilitoka mara mbili kwa kitu kimoja. Swali hilo ni la haki, kwa sababu feza ni zenu. Tunaeleza hapa bila kuficha, ili kikundi kingine kisianguke pale tulipoangukia.

Mnaijua ile ordinatere ya zamani tuliyoachiwa. Hesabu za likelemba ziliandikwa humo na kuwekwa kwenye disketi 7. Daftari tulikuwa nalo pia, lakini mvua ilipita kwenye paa na kurasa nyingi zikaoza. Kisha lektere ya disketi ikakufa. Siku hizo hizo mama mmoja mjane, aliyetaka kuhamia Kisangani kwa mtoto wake, akaomba michango yake. Kurasa zilizobaki zilionyesha mara 6. Yeye akasema amechanga zaidi ya mara 12. Kati yetu walikuwako walioanza kunong'ona kwamba anadanganya.

Basi tukamtuma kijana Kisangani na neno moja tu: "Utuletee lektere ya disketi." Kosa letu lilianzia hapo. Alirudi na lektere nzuri kwa macho, lakini ilitolewa ndani ya ordinatere ya kubebeka, na waya wake ni mwembamba sawa na utepe. Yetu inataka waya bapa, mpana, wa nyuzi 34, pamoja na waya mwingine wa umeme. Muuzaji alikataa kurudisha feza.

Mara ya pili alienda mama mmoja wetu. Alibeba disketi ya barua za zamani, isiyo na hesabu, akaomba lektere ya nje, ile inayochomekwa kwenye tundu la USB. Aliijaribu palepale dukani, akaona barua zinafunguka, ndipo akalipa.

Wenye disketi nyumbani, ao kwenye ofisi ya kikundi, mshike haya:

Kwanza, pimeni disketi. Ile ngumu yenye upana wa sentimita 9 hivi ndiyo inayoingia katika lektere ya USB. Ile laini ya sentimita 13 haiingii. Na ordinatere za nyumbani za miaka ya 1980, sawa na Commodore na Amstrad, zina njia zao za kuandika. Kwa hizo, lektere ya USB ya kawaida haitoshi. Katika lektere nyingi za Amstrad kinachokufa ni mkanda wa mpira unaozungusha disketi. Fundi aangalie mkanda kwanza, maana bei yake ni ndogo kuliko lektere nzima.

Pili, msitafute kipya kwa nguvu. Sony, waliobuni disketi hizi ngumu, waliacha kuziuza mwaka 2011. Kilichotumika kinafaa, kikijaribiwa mbele ya macho yenu.

Tatu, mbele ya kuingiza disketi, sogezeni kile kifungo kidogo cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi. Hapo disketi itasomwa tu, haitaandikwa juu yake. Ordinatere ikiuliza kama mnataka "kuformati", mkatae. Mkikubali, hesabu zitapotea.

Nne, disketi yenye ukungu msiiingize. Itachafua kichwa cha lektere, na kichwa kichafu kitaharibu disketi nzima zinazofuata.

Tuliazima ordinatere ya kubebeka, tukawasha gurupu jioni moja. Disketi 5 zilifunguka. Mbili zilikuwa na ukungu, tukaziweka pembeni. Jina la yule mama lilikuwa katika disketi ya tatu: mara 14. Alikuwa amekaa nasi, akatazama chini, hakusema neno. Tulimlipa yote, na tukamuomba musamaha mbele ya wote, kwa sababu manung'uniko nayo yalikuwa mbele ya wote.

Lakini hatujamaliza. Wamama 3 hesabu zao ziko kwenye zile disketi 2. Hatutawaambia "daftari halionyeshi, basi hakuna." Kwenye mkutano ujao kila mmoja ataleta mashahidi wawili waliochanga pamoja naye, na tutaandika kile tutakachokubaliana.

Tangu leo hesabu zitakaa mahali patatu: kwenye daftari ndani ya sanduku la bati, kwenye kifunguo cha USB kwa mtunza feza, na kwenye karatasi ambayo kila mama ataweka nyumbani kwake, yenye sahihi mbili. Ile karatasi msiipoteze. Lektere inakufa na paa linavuja, lakini mama mwenye karatasi yake hataitwa mwongo.

Tuonane kwenye mkutano.