Dini ni Deni: Roho Haitakasiki kwa Kukimbia Haki

  

Mama mmoja mjane alitujia na jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Mwanawe wa kiume, kijana aliyesoma madrasa tangu utotoni na kuhifadhi juzuu kadhaa, ameacha kuswali. Hanywi pombe wala hachezi kamari. Ni mpole, humsaidia mama yake kwa kila anachokipata, na usiku hukaa peke yake kimya kwa muda mrefu, akisema kuwa anatuliza roho. Mama alipomuuliza kulikoni, alimjibu: "Mama, mimi na Mungu wangu tunaelewana. Lakini dini nimewaachia wenyewe."

Hao wenyewe ni nani? Kijana hakuficha. Baba yake alipofariki dunia, ami yake ndiye aliyesimamia mazishi, ndiye aliyeongoza hitima, na ndiye aliyebaki na nyumba. Miaka imepita na mirathi haijagawanywa. Na ami huyo hakosi safu ya kwanza msikitini. "Mkono ulioshika tasbihi," alisema kijana, "ndio ulioshika hati ya nyumba yetu."

Tungeweza kumjibu kijana huyu kwa kumtajia uzito wa kuacha swala, na uzito huo ni mkubwa, hapana shaka juu ya hilo. Lakini tungekuwa tumejibu nusu ya swali lake. Maneno aliyoyasema hayakuanzia kwake, wala hayataishia kwake. Utafiti wa kituo cha Pew uliotangazwa Desemba 2023 ulionyesha kuwa nchini Marekani, katika kila watu wazima 100, watu 22 wamo katika kundi la wanaojiona kuwa watu wa mambo ya kiroho lakini si watu wa dini. Leo fikra hiyo haihitaji kupanda meli ili itufikie. Imo katika simu zilizo mikononi mwa watoto wetu, zinakopatikana programu za kumfundisha mtu kuvuta pumzi, kufumba macho na kuitafuta amani yake. Hatusemi kuwa kutulia ni kosa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kabla ya Utume, alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Tunachouliza ni hiki: mtu akishatulia, anadaiwa nini?

Hapo ndipo penye tofauti, na hata maneno yenyewe yanatuonyesha. Neno "dini" na neno "deni" yote yametujia kutoka Kiarabu, na huko asili yao ni moja: herufi zile zile tatu. Mwenye dini ni mtu anayejua kuwa anadaiwa. Anadaiwa na Mola wake aliyempa uhai, na anadaiwa na viumbe wa Mola wake: wazazi, mke, mume, watoto, jirani, yatima, mfanyakazi wa nyumbani. Na Siku ya Malipo, ambayo tunaitaja katika kila rakaa, ndiyo siku ya kufungwa kwa hesabu hiyo. Ama hali ya kiroho isiyo na dini, hiyo haina mdai. Inampa mtu utulivu bila kumtaka alipe chochote kwa yeyote. Na tazama jinsi lugha yetu ilivyo na hekima: tukilichukua neno "roho" tukasema "uroho", tumekwishautaja ulafi. Nafsi inayojitazama yenyewe tu, hata kama inajitazama kwa upole, haiko mbali na maana hiyo.

Wanaotaka roho bila dini hupenda sana kumtaja Maulana Jalaluddin Rumi. Maneno yake yamechapwa kwenye kadi na kuta, kana kwamba alikuwa mtu asiye na msikiti. Ukweli ni kwamba Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 na kufariki Konya mwaka 1273, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi, mtoto wa mwanachuoni, aliyesomesha sharia kama baba yake kabla yake. Kitabu chake kikubwa, Mathnawi, kimejaa aya za Qur'an na hadithi za Mtume (S.A.W.), na katika utangulizi wake ameeleza kuwa kinahusu mizizi ya dini. Mmarekani Coleman Barks, ambaye hakujua Kiajemi, aliziandika upya tafsiri za Kiingereza zilizofanywa na wengine, na mkusanyiko wake wa mwaka 1995 ukauzwa kwa wingi mno. Katika kuandikwa upya huko sehemu kubwa ya Uislamu wa Rumi ilipungua. Wamepewa watu maua, wakafichwa mti.

Lakini tusifanye haraka kufurahi, ndugu zetu. Kuna na walioubakisha mti, wakakata maua na matunda yote, wakabaki na gogo. Hao hatuna haja ya kuwatafuta Marekani.

Mtume (S.A.W.) alipojiwa na Jibril (A.S.) katika sura ya mtu mgeni mwenye nguo nyeupe sana, aliulizwa mambo matatu mbele ya Swahaba: Uislamu, Imani na Ihsani. Uislamu alioueleza ni shahada, swala, zaka, saumu na Hija. Imani ni yale ayaaminiyo moyo. Na Ihsani ni mja kumwabudu Mola wake kama kwamba anamwona, akijua kuwa hata kama yeye hamwoni, Mola anamwona. Mgeni alipoondoka, Mtume (S.A.W.) aliwaambia Swahaba kuwa huyo ni Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Angalia vyema: yote matatu yameitwa dini. Hakuitwa dini yule mwili peke yake, ikawa roho ni kitu kingine cha kutafutwa kwingine. Anayeswali bila Ihsani ameiacha sehemu ya dini, na anayedai Ihsani bila kuswali ameiacha sehemu ya dini.

Jambo hili aliliishi Imam Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa Tus, katika Khurasani, mwaka 1058. Mwaka 1091 alikabidhiwa kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, akawa na wanafunzi wapatao 300 na jina lililofika mbali. Kisha mwaka 1095 ulimi wake ukafunga. Darsa hazikutoka kinywani, chakula hakikushuka, na matabibu wakakata tamaa. Amesimulia mwenyewe kwamba alipoipima nia yake katika kusomesha, aliikuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kwa ajili ya jaha na kusikika. Naye, kama kijana wetu, aliiona dini iliyotokwa na roho. Tofauti ni kwamba kijana ameiona kwa ami yake, na Imam aliiona ndani ya kifua chake mwenyewe.

Alifanya nini? Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaondoka. Alikaa Sham, akazuru Baitul Maqdis, akahiji Makka. Tunaomba wasomaji walizingatie hilo: aliyekuwa akiutafuta uhai wa moyo hakutupa swala wala hakuacha kuhiji, na hata alipokuwa akikimbia alihakikisha kwanza haki ya watoto wake imewekwa mahali pake. Akaandika Ihya Ulum al-Din, kitabu chenye sehemu 4 na milango 40. Ndani yake mna siri za swala na maradhi ya moyo, na mna vilevile adabu za kula, za ndoa na za kutafuta riziki, katika kitabu kimoja. Na mwaka 1106 alirudi kusomesha, katika mji wa Nishapur, kwa nia aliyokwisha kuisafisha.

Basi na turudi kwenye deni. Imepokewa kwamba lililetwa jeneza ili Mtume (S.A.W.) aliswalie. Akauliza kama maiti anadaiwa. Alipoambiwa kuwa anadaiwa, aliwaambia Swahaba wamswalie wao, na hakusogea mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Imepokewa pia kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na imepokewa habari ya mtu aliyefilisika katika umma huu: atakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alimla mali yake, mwingine alimpiga, basi thawabu zake zitagawiwa wadai wake mpaka ziishe, kisha abebeshwe dhambi zao. Mtu huyo hakupungukiwa na ibada. Alipungukiwa na roho ya ibada, ambayo ingemzuia mkono.

Na katika Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuiacha mirathi kwenye huruma ya wakubwa wa ukoo. Ametaja mafungu yenyewe: mjane ambaye mumewe ameacha mtoto ana sehemu 1 katika 8, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Katika sura hiyo hiyo ameonya kuwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Huu ndio uzuri wa dini, na ndio uzito wake. Utulivu wa pango hauwezi kumpa mjane thumni yake. Inayompa ni sharia, pale inaposimamiwa na watu wanaomwogopa Mungu. Mtume (S.A.W.) hakubaki Hira. Alipoteremshiwa wahyi, aliteremka kwa watu, na akaamrishwa asimame aonye.

Kwetu sisi wazazi, tujiulize bila kujionea huruma. Mtoto wetu anaiona dini yetu wapi? Je, anaiona tu tunapomgutusha kwa kiboko alfajiri, na haioni tunapomlipa mshahara wake kwa wakati binti anayetufulia nguo? Anatuona tukilia katika dua za Ramadhani, kisha anatusikia mezani tukimsengenya jirani aliyetuletea futari? Suratul Maun imeweka pamoja wanaopuuza swala zao, wanaojionyesha, na wanaowanyima wenzao hata msaada mdogo wa vyombo vya nyumbani. Mtoto hahitaji kuijua tafsiri yake ili aione nyumba inayofanana nayo. Kabla ya kuuliza kwa nini amekimbia, tumuulize amekimbia nini.

Na kwa walio safu ya kwanza, na sisi tunaoandika ukurasa huu tusijitoe: kila dhulma inayofanywa na mtu mwenye kanzu humtoa mtu mmoja msikitini, na mara nyingi ni mtoto. Deni hilo nalo tutaulizwa.

Ama wewe kijana wetu, hasira yako juu ya dhulma ni ya haki, na umeipata katika dini hiyo hiyo uliyowaachia "wenyewe". Nani mwingine alikufundisha kuwa kula mali ya yatima ni moto? Lakini sikiliza neno la watu wanaokupenda. Deni la ami yako halifuti deni lako. Yeye kushika haki ya mama yako hakukupi wewe ruhusa ya kushika haki ya Mola wako. Unakaa kimya usiku na moyo unatulia, alhamdulillahi. Basi ukimya huo uupe udhu, uupe kibla, uupe wakati, uuinamishe, uusujudie Yule aliyekupa huo moyo. Na adhuhuri uje usimame bega kwa bega na watu usiowapenda, maana moyo unaotulia ukiwa peke yake tu bado haujajaribiwa.

Tulimwambia mama yule kwamba kudai fungu lake na la watoto wake hakupunguzi utu wake wala hakuvunji udugu. Aende kwa wazee wa ukoo, aende kwa mashekhe wanaojua elimu ya mirathi, na ikilazimu aende mahakamani. Tulimwambia pia asiende peke yake: aende na mwanawe. Huenda kijana huyo akaiona dini upya siku atakayoisikia aya ile ikisomwa mbele ya ami yake, na ami yake akainamisha kichwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azitakase nyoyo zetu na unafiki, azihuishe swala zetu, awarudishie wajane na mayatima haki zao, na atukutanishe Naye tukiwa hatudaiwi na mtu. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.